Kadi ya Fisi Maji

Maganda ya kahawa yanapochacha hutoa harufu tamu yenye ukali, na mpaka leo nikiisikia, mikono yangu inatafuta kadi. Nilikuwa na miaka kumi, kaka yangu Fokas kumi na miwili, na kwetu Mbuji mavuno ya mwaka ule yalikuwa yameanza vizuri. Wanunuzi wapya wa kahawa walipanda mlima na magari yao, na maduka yaliyozoea kuuza sabuni na chumvi yakajaa vitu vya rangi. Kimojawapo kilikuwa chingamu yenye kadi ndani: picha ya mnyama, na chini yake namba mbili, ya nguvu na ya mbio. Utamu wa chingamu uliisha kabla hujafika nyumbani, lakini kadi ilibaki.

Tulizitunza kwenye kopo la majani ya chai. Tukishamaliza kuchambua kahawa ya mama juu ya chanja, kutoa punje mbovu, tulizitandaza palepale sura juu, tukaokota kwa zamu, moja wewe moja mimi, mpaka kila mtu ana saba. Ndipo tulipopambanisha: unataja nguvu au mbio, na namba kubwa inameza ndogo. Mwanzoni nilifungwa kila siku, kwa sababu nilikimbilia simba na tembo. "Skola, unachagua kadi kama unachagua kitenge," Fokas alinicheka. "Tembo watatu hao, nani atakimbia?" Akanifundisha kutazama nimepungukiwa nini kabla sijaokota, na kutazama yeye anakusanya nini. Nikaanza kumsumbua, halafu nikaanza kumfunga. Kadi moja tu iliniponza. Fisi maji hakuwa na nguvu wala mbio za maana, lakini alikuwa amelala chali majini, mikono kifuani kama mtu aliyeshiba, nami nilimpenda. Fokas alimwokota wa kwanza kila mara, kunikomoa tu. "Macho yako yanakusema," aliniambia. "Kadi unayoitaka usiitazame. Jifanye kwako zote sawa, itakuja yenyewe." Siku moja nikamsifia nyati mpaka nikachoka, na kweli, fisi maji akabaki mpaka zamu yangu. Nilicheka hadi mama akauliza kuna nini huko.

Mama alikufa kahawa yake ikiwa bado chanjani. Baba alikuwa ametangulia kabla sijaanza shule. Siku ya kuanua matanga ndugu walikaa uani kuamua sisi wawili tutakwenda kwa nani. Asubuhi ile mtoni Fokas alikuwa amenishika mkono akasema tutakaa pamoja hata kama ni kulala jikoni kwa watu, na mimi sikuwa na haja nyingine duniani. Baba mkubwa, aliyeongoza kikao, alikuwa na watoto tisa katika vyumba viwili. Mjomba, aliyepanda kutoka Ngumbo kule ziwani, akasema anaweza kumchukua wa kiume. Shangazi wa Kigonsera akasema atamchukua wa kike. Baba mkubwa akatugeukia. "Haya wanangu, msije mkasema mligawanywa kama mbuzi. Skola, unataka kwenda na nani?"

Wote wakanitazama. Mimi nikaona ni mchezo wetu uleule, wakubwa wanaokota kwa zamu, nami nina ujanja wasioujua. Nikaikazia macho kahawa. "Popote tu, baba mkubwa," nikasema, tena nikaongeza kwamba Kigonsera nasikia kuna shule nzuri. Fokas alipoulizwa, alinitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Na mimi popote." Shangazi akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Basi afadhali," akasema. "Nilishajiambia, wakilia hawa nawabeba wote, mengine tutajua mbele ya safari." Nikafungua mdomo. Lakini wakubwa walikuwa wameshaanza Baba Yetu, na kwetu mtoto hakatizi sala. Walipofika mwisho, mjomba alikuwa ameshasimama akitafuta mfuko wa nguo za Fokas.

Nilimkuta Fokas nyuma ya chanja. "Mbona hukusema?" akaniuliza.

"Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha kadi, Skola."

Akafungua kopo, akanipa fisi maji, zilizobaki akaenda nazo ziwani. Alikuja Kigonsera mara moja tu, Krismasi, mrefu, akiongea Kinyasa, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Baadaye tukasikia amevuka kwenda Malawi kutafuta kazi. Hatujasikia lingine.

Sasa nina banda la cherehani Mbinga mjini, na kwenye simu nina mchezo wa kadi. Unaonyeshwa kadi tatu, unachagua moja, zinakuja nyingine tatu, mpaka umejaza fungu lako. Halafu unapambana na mtu usiyemjua, asiyeweza kukucheka. Akisita kidogo kabla ya kutoa kadi, kama anayeyasoma macho yangu, huwa najiambia huyu ni Fokas, na siku yangu inakuwa nzuri. Vijana wa jirani huja niwafundishe. Nawaambia watazame walichopungukiwa, wasikimbilie kadi za nguvu tupu, na wanashinda kweli. Ila ikitokea kadi ninayoipenda, mimi naichukua palepale, mbele ya macho ya kila mtu, namba zake ziwe zozote. "Dada Skola, hiyo si itakufungisha?" wananiuliza. Itanifungisha, nawaambia, na kidole changu kimeshaibonyeza.