Kuonja Si Kula

Tangu mke wangu apunguzwe tumbo, mtaa mzima umekuwa na mizani machoni. Mwanamke wa duka la mkabala humpima akipita. Muuza mkaa humpima. Hata wateja wangu, watu wanaoniletea baiskeli zenye rimu zilizopinda, husahau kilichowaleta wakaniuliza, "Vipi mama, bado anapungua?" Utadhani walichangia upasuaji na sasa wanafuatilia mali yao. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mteja wa namna hiyo namwambia baiskeli yake itakuwa tayari kesho, hata kama imebaki kutiwa upepo tu.

Lakini kabla hamjamjua kwa kilo zake, mjueni kwa kazi yake. Ni mpishi mkuu wa shule ya bweni, na wanafunzi walimbandika jina la Mama Mwiko miaka mingi iliyopita, wala hajapata kulikataa. Mwiko wenyewe ni mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Watu waliosoma pale zamani, wenye ndevu sasa na vitambi vyao, hupitia jikoni kumsalimia. Yeye hawaulizi wamekuwa nani huko duniani. Anawauliza kama wamekula.

Nilimwoa akiwa mnene na sikuona kasoro. Wapo walionionya kuwa kitanda kitavunjika. Kitanda kipo mpaka leo. Kilichoharibika ni goti lake.

Goti hilo lisingetukosesha usingizi kama binti yetu, tena wa pekee, asingeolewa akahamia nyumba ya ghorofa isiyo na lifti, wao wakiwa ghorofa ya nne. Binti alipojifungua, mke wangu alifunga kanga mbili mpya na sabuni ya mtoto kwenye mfuko, tukaenda. Alifika ghorofa ya pili. Pale pumzi zikamwishia na goti likagoma, akashika ukuta. Jirani mmoja mwema akatoa kiti, mwingine maji, na kila aliyepita akasema "Pole, mama," kama tuko msibani. Alikaa kwenye kile kiti muda mrefu. Kisha akanipa mfuko nikaupandishe mimi, na yeye akashuka.

Tangu siku hiyo mjukuu akawa anashushwa. Mke wangu hukaa kwenye benchi la zege karibu na geti, binti anashuka na mtoto, wanabusiana, wanacheza kidogo, kisha mtoto anapandishwa kwao. "Mimi na mjukuu wangu tunaonana getini," aliniambia, "kama mfungwa na jamaa zake." Alisema akicheka. Lakini nikamwona anavyoinua macho kwenye lile dirisha la juu, nikajua kicheko hicho ni cha mdomoni tu.

Ndiyo sababu alikubali kisu. Si urembo, na mtu asiniambie urembo. Alitaka kupanda zile ngazi amwogeshe mtoto kwenye beseni lake mwenyewe, chumbani kwake mwenyewe. Akajiwekea nadhiri: "Siku mizani ikisema tisini, nitapanda. Kabla ya hapo simsumbui mtu na kiti chake tena."

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri ajabu. Alikula vijiko vichache akashiba kweli. Kilo zilimtoka kama wageni waliosikia chakula kimekwisha. Magauni yakampwaya, nikamtobolea mkanda matundu mapya kwa msumari ninaotobolea viti vya baiskeli. Alikuwa akiamka anaimba.

Halafu mizani ikagoma. Mia na nne. Wiki ikapita, mia na nne. Mwezi ukapita, ni ile ile. Akaihamishia sebuleni, akaihamishia bafuni, akailaumu sakafu kwamba imepinda. Akavua hereni. Akapanda akiwa ametoa pumzi yote nje, kana kwamba pumzi nayo ina mifupa. Mimi kwa kujifanya fundi nikaifungua ile mizani niisafishe ndani, na nilipoifunga ikabaki skrubu moja mkononi. Nikapanda kuijaribu, ikanipa uzito wa mbuzi. Mke wangu alicheka mpaka akashika kovu lake. Tulinunua nyingine. Mia na nne.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mizani imelala mapajani mwake.

"Nimekatwa bure, baba," akasema.

"Usiseme hivyo. Bandu bandu huisha gogo."

"Gogo lenyewe limegeuka chuma. Wewe hukioni ninachokula? Chakula changu si chakula cha ndege?"

Nilikuwa nakiona. Ndiyo maana niliumia.

Tukaenda kliniki kwa mtaalamu wa lishe, binti mpole mwenye subira ya kufundisha chekechea. Alituambia kusimama huko kunawapata karibu wote, mwili nao unahitaji muda wa kujipanga upya, na asijilaumu wala asijinyime zaidi, maana kujinyima kutamwangusha. Kisha akauliza anakula nini. Mke wangu akaeleza chakula kwa chakula: yai asubuhi, kipande cha samaki mchana, mboga na maziwa ya mgando jioni.

"Na katikati?"

"Katikati maji."

"Hakuna kingine kinachopita kooni?"

"Hakuna, mwanangu."

Aliniangalia mimi. Nikaapa kuwa ni kweli, na tulikuwa wakweli wote wawili. Tukarudi nyumbani na ushauri mzuri na uzito wetu ule ule.

Wiki iliyofuata, toroli la kubebea masufuria pale shuleni lilivunjika gurudumu, wakaniita. Nikawa nimelala chini ya toroli jikoni, spana mkononi, macho yangu yakimwelekea mke wangu kazini. Katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona akipika chakula cha watu wengi tangu moto unawaka mpaka kengele inalia. Nikapumzisha spana.

Alichota mchuzi kwa mwiko, akatia tone kiganjani, akalamba. Akaongeza chumvi, akalamba tena. Akahamia kwenye maharage, kiganja kingine. Akageukia uji wa wagonjwa wa bwenini, wenye maziwa na sukari; huo aliuonja mara mbili kwa sababu wagonjwa ni wa kuhurumiwa. Chai ya walimu. Mchuzi tena, maana sasa umekolea. Msaidizi wake akamletea kijiko cha wali, "Mama, umeiva huu?" Akatafuna. "Bado." Baada ya muda akaletewa kingine. Kila sufuria lililopita mbele yake lililipa ushuru kiganjani. Na kila tone lilimezwa.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mke wangu sasa kilikuwa kidogo mno.

Kilichonichoma ni kwamba hakuwa akijiibia. Hakujua. Muulize mpishi yeyote siku nzima ameonja nini, atakwambia hajala kitu. Nilimaliza gurudumu nikaondoka kimya, na jioni nzima nikawa nazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe nikasema.

Aliniita Fundi. Siku zote huniita baba. Akiniita Fundi, najua nimeingia pabaya.

"Fundi, kuonja si kula."

"Kinakwenda wapi, basi, ukishakionja?"

"Unataka nipike kipofu? Nipeleke sufuria mbele ya watoto sijui lina nini?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Mimi nimewalisha watoto wa watu kwa ulimi huu. Huu ulimi ndio kazi yangu. Waliponikata tumbo sikulia. Sasa unataka wanikate na ulimi?"

Siku tatu tulizungumza habari za umeme na maji tu. Nilimpenda hata katika kununa kwake, na nilimhofia pia, kwa sababu kosa halikuwa la tamaa, ambayo mtu huikemea. Lilikuwa la heshima ya kazi.

Siku ya nne alirudi mapema, akajitupa kitini. "Leo nimehesabu viganja," akasema. "Kabla ya chakula cha mchana nimeacha kuhesabu." Akaficha uso kwenye kanga. Nilimsogelea nikamshika mabega.

Kesho yake akamkabidhi msaidizi wake kazi ya kuonja. Msaidizi huyo ni mwanamke mchapakazi, lakini ana mkono mzito wa chumvi, na ulimi wake umeuzoea mkono wake. Mchana ule maharage yalikuwa kama yamevuliwa baharini. Bwalo zima likanywa maji mpaka mapipa yakakauka, na mwalimu wa zamu akaja dirishani mwa jiko kuuliza kama Mama Mwiko ni mgonjwa. Mke wangu kutema alichoonja hakuweza; kwake yeye kutema chakula cha watoto ni laana. Angeweza kurudia viganja vyake siku ile ile, na nani angemlaumu?

Akachukua kijiko kidogo cha chai, akakitundika shingoni kwa uzi. Kila sufuria akajiruhusia ncha ya kijiko, mara moja, mwishoni. Yote yaliyotangulia akamwachia msaidizi, ila hakumwacha peke yake. Alisimama karibu naye akiunusa mvuke, akimhoji: "Chumvi unaisikia mwanzo wa ulimi au baada ya kumeza? Nyanya imeiva au bado inakwaruza? Usiniambie tamu. Kila mtu anasema tamu. Niambie imepungua nini." Yule mwanamke alilia mara mbili. Mara ya tatu alijibu sawasawa, na mke wangu akanisimulia jibu hilo nyumbani kama mtu anayesimulia mtoto aliyefaulu mtihani.

Mizani? Ilisogea. Mia na tatu, mia na mbili. Nikaanza kutembea mtaani kifua mbele. Kisha ikagoma tena, pale pale mia na mbili, bila sababu, bila viganja, na safari hii hapakuwa na wa kumsingizia. Yule binti wa kliniki alishatuonya kwamba itakuwa hivyo, itakwenda na kusimama, itakwenda na kusimama. Kujua hakukututuliza. Tisini ilikuwa mbali, na mjukuu alikuwa na mwaka na nusu, tayari anakimbia.

Jumapili moja simu ikalia. Binti yetu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu akianua nguo. Mumewe yuko safari ya kikazi. Hawezi kumshusha mtoto, wala kukimbizana naye humo ndani.

"Nakuja mimi," nikamwambia.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa juu ya mizani. Akaitazama, akashuka, akachukua mkoba wake.

"Na ile tisini?" nikamuuliza.

"Tisini itanikuta huko huko juu."

Tulipanda polepole, yeye mbele, mimi nyuma na mfuko, nikijifanya simwangalii goti. Jasho lilimtoka. Ghorofa ya pili mlango ukafunguliwa, na alikuwa yule yule jirani mwema. Akamtambua. "Mama, nikutolee kiti?"

"Ahsante, mwanangu," mke wangu akasema, akihema. "Leo nina haraka."

Ghorofa ya tatu alisimama, akaegemea ukuta, akafumba macho. Nikasimama ngazi moja nyuma yake. Moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko wake. Akafumbua macho akaendelea.

Binti alipotuona mlangoni alilia kwa sauti, akirukaruka kwa mguu mmoja. Mke wangu akavua viatu akaingia. Akasimama katikati ya sebule akitazama kila kitu: kitanda kidogo, beseni la bluu lililoegemezwa ukutani, zile kanga mbili, ambazo sasa zilikuwa zimechujuka kwa kufuliwa.

Mtoto akamwona. Akaduwaa. Halafu akatimua mbio kwenda pembeni, akarudi na viatu vyake vidogo mkononi, akampa bibi yake amvishe, akamshika kidole na kuanza kumvuta kuelekea mlangoni.

Hatukuelewa mara moja. Binti ndiye aliyeelewa, akaziba mdomo.

"Mama, anakupeleka chini. Anajua bibi anaishi getini."

Mke wangu alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akafuta macho kwa kiganja, kiganja kile kile cha mchuzi. Nilidhani atambeba mtoto na kumrudisha ndani. Akainama badala yake, akamvisha viatu, akavaa vyake, wakatoka. Wakashuka mpaka ghorofa ya tatu, mkono kwa mkono. Pale akamgeuza mtoto, akamwonyesha juu.

"Haya, mjukuu wangu. Sasa twende kwenu."

Wakaanza kupanda. Mguu mmoja kwenye ngazi, wa pili ukaufuata, wakapumzika. Wa kwanza tena, wa pili, wakapumzika. Walikuwa na mwendo mmoja, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Mimi na binti tulisimama mlangoni tukiwatazama.

Walipofika, mtoto akaketi kizingitini, akavua viatu vyake, akasubiri bibi naye avue. Kisha akavichukua vile vikubwa, kimoja kimoja, akavipanga kando ya vyake.