Miwani Aliyoirithi Baba Mdogo

Siku ya kugawa vitu vya marehemu baba, kule kwetu Mulanda, koti lilikwenda kwa shemeji yake, redio ikabaki kwa mama, na miwani ikachukuliwa na baba mdogo. Hakuna aliyeniuliza. Lenzi zile nilizikata mimi, kwa mikono yangu, dukani kwangu Busia! Nilikaa pale mkekani nimenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Baba alikuwa haoni mbali. Jicho lake lilikuwa refu kuliko kawaida, kwa hiyo mwanga ulikuwa unakutana njiani kabla ya kufika nyuma ya jicho, na kila kitu kilichopita urefu wa mkono kwake kilikuwa ukungu. Lenzi za macho ya namna hiyo huwa nyembamba katikati na nene pembeni. Zake zilikuwa nene mpaka zinatokeza nje ya fremu, nami nilizisaga ukingo polepole, nikawa nalainisha na kupapasa kwa kidole, maana sikutaka watu wamcheke kanisani. Alipozivaa mara ya kwanza alisimama mlangoni akaanza kusoma namba za malori yaliyopanga foleni mpakani, kwa sauti, moja baada ya nyingine. Nikamwambia, "Baba, inatosha, watadhani wewe mtu wa ushuru." Hakunisikia hata kidogo.

Sasa baba mdogo. Macho yake ya mbali ni mazima, uzee tu ndio umemnyima kusoma karibu. Kuvaa zile lenzi ilikuwa sawa na kujifunga kitambaa usoni. Habari zikawa zinanifikia: leo amepita mlango wa nyumba yake, kesho amejikwaa kwenye ngazi ya kanisa, goti limechubuka. Na havui! Nikampigia simu.

"Baba mdogo, mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo miwani si ya macho yako."

"Mama, wacha kelele. Iko sawa tu."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yao.

Goti lake lilinihuzunisha, lakini nisijifanye malaika: nilikuwa nazitaka lenzi. Nguo ya mtu hufuliwa, harufu yake ikaisha. Lenzi zile zilikatwa kwa macho ya mtu mmoja tu hapa duniani, na mtu huyo nilikuwa nammisi. Basi nikambembeleza baba mdogo: njoo Busia, fremu utabaki nayo, nitakuwekea lenzi zako mwenyewe, hulipi chochote. Akaja.

Nikampima. Nikakata lenzi mpya, juu za kuangalia mbali, chini za kusomea. Za baba nikazitoa, nikazifunga kwenye kitambaa na kuzitia mfukoni upesi, asije akabadili mawazo. Kisha nikamvalisha.

Akaangalia barabara. Akaangalia viganja vyake, akavigeuza.

"Mama, baba yako alikuwa naona hivi?"

"Ee. Kwa zile zake alikuwa anaona hivi hivi, vizuri kabisa."

"Si ukungu?"

"Ukungu ulikuwa wako, baba mdogo. Yeye alikuwa anaona."

Akavua miwani, akaiweka magotini.

"Mimi nilivaa ile, nikasema, kumbe ndugu yangu nakaa ndani ya giza hii miaka yote na hakuniambia. Nikasema, basi, Mungu amemtoa, amepumzika. Hiyo ndiyo ilikuwa nanipa usingizi." Akaipapasa fremu pale magotini. "Kumbe alikuwa naona vizuri. Kumbe alikuwa bado nataka kuona."

Huyu ni mtu ambaye kaburini hakutoa hata chozi. Sasa alilia mbele ya wateja, mabega yanaruka, na mimi nikalia naye, nimeshika mfuko wangu.

Alipotulia akaniomba nimrudishie zile za zamani. Nikazitoa kwenye kitambaa, nikaziweka juu ya meza mbele yake.

"Naweza kuzirudisha, baba mdogo. Lakini sasa umeshajua."

Aliziangalia, hakuzigusa.

"Ee," akasema. "Sasa najua."

Akavaa zile mpya, akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Alikuwa anatembea akipapasa ukuta kama mtu aliye gizani, na alikuwa anaona kila kitu.