Siku Mbale Walipotaka Kumtahiri Meya Wetu

Mimi nilikuwa dereva wake kabla hajawa meya, tangu alipoweka mahema yake ya kwanza kando ya mto, nje ya Jinja. Watu wa mtaa wetu wa Walukuba walicheka hadi wakakohoa: nani atalipa pesa alale na mbu? Wazungu wakalipa. Mahema yakawa vibanda, vibanda vikawa hoteli, wengine wakamwiga, na mji wetu wa viwanda vilivyofungwa ukawa mji wa watalii. Ndipo wakampa umeya. Shule ilinishinda darasa la tatu, lakini hayo niliyaona.

Basi akataka kujenga na Mbale, chini ya mlima. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kule mwaka huu ni wa tohara, asiyetahiriwa wanamkamata hata akiwa mtu mzima. Tungoje."

"Nimelelewa kule na bibi mzaa mama. Watanifanya nini?"

Tukaenda.

Karibu na kiwanja alichotaka kujenga tukakuta ngoma zimefunga barabara, vijana wamepakwa unga mwili mzima. Akashusha kioo akawasalimu kwa Kimasaba, lugha ya kule, cha mlimani kabisa. Angesalimu kwa Kiswahili, ambacho kwetu ni lugha ya askari, wangedhani ni afande, wangetupisha. Mzee mwenye fimbo akainama dirishani.

"Mwanangu, wewe ulitahiriwa mwaka gani?"

Kule kila mwanamume ana mwaka wake, anautaja kama jina la baba yake. Huyu ni Mwislamu, alitahiriwa mchanga, hata mama yake sidhani kama aliukumbuka. Akaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

"Hana mwaka! Alikimbia kisu!"

"Musinde mwenye kitambi!" Musinde ni mvulana ambaye bado. Wakaanza kulipiga gari makofi.

Nikapiga kelele, "Jamani, huyu si wa kabila lenu, ni Msoga! Ni meya wa Jinja!"

"Msoga gani anasema hivi? Haya, aseme Kisoga!"

"Mheshimiwa, sema Kisoga, nakuomba."

Akafungua mdomo, kikatoka Kimasaba kilekile. Hofu ilikuwa imemrudisha kwa bibi yake.

Mlango ukafunguliwa. Yule mzee na mwenzake wakamshika mikono, wakaenda naye nyuma ya duka moja la kando ya barabara. Mimi nimeng'ang'ania usukani, naomba dua, naikosea, naianza upya. Ngoma hazikunyamaza hata kidogo. Nilijiuliza nitamwambia nini mke wake.

Wakatoka. Mzee anacheka, anampangusa vumbi begani. "Tusamehe, mwanangu. Kumbe kazi ilishafanyika. Lakini tafuta mwaka, mwanamume hakai hivihivi."

Hakurudi kiti cha mbele. Alikaa nyuma, akasema, "Geuza."

Kiwanja hatukukiona. Tulipokaribia Jinja ndipo akauliza, "Wameona wangapi?"

"Wale wazee wawili tu, Mheshimiwa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naangalia barabara."

Mbale hakujenga tena. Wakimuuliza, anasema udongo wa kule unateleza.