Duara la Chaki Kwapani

Mtoki ulipomwota kwapani fundi cherehani mmoja, aliyeitwa Mama Pindo kwa jinsi asivyoweza kuona upindo uliolegea akanyamaza, ukoo mzima ukahitimu udaktari bila kugusa darasa. Mumewe alisema ni jasho. Wifi yake, profesa wa magonjwa ya watu wengine, akaapa kwamba uvimbe ukidungwa sindano huamka ukatambaa mwili mzima.

"Mwenzio nakuonya, wifi. Usimwamshe aliyelala."

"Amelala kwangu na jina lake silijui," akajibu Mama Pindo, pini mdomoni. "Ataamka tu."

Alichokiogopa alikijua: saratani. Ilimchukua mama yake mdogo, aliyepakwa mafuta na kupewa moyo mpaka akabaki picha ukutani. Basi akaoga, akauzungushia mtoki duara kwa chaki ya kushonea, daktari asije akapotea njia, akaenda hospitali.

Daktari wa picha akammwagia ute wa baridi na chaki ikageuka uji. Akapitisha kifaa, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine: tezi ile kubwa aliyoichora ilikuwa na umbo la harage na moyo mweupe, haikumtisha daktari. Iliyomtia shaka ilijificha chini yake, ndogo, ya mviringo, nyeusi tii.

Mama Pindo akakunja uso. Miaka yote amewacheka wateja wanaoshupalia mchaniko wa nje huku bitana ndiyo iliyooza.

"Haya, leo mteja ni mimi," akasema. "Toboa hiyo hiyo."

Ganzi ikaingia, kisha sindano, daktari akiifuata kwenye kioo. Mama Pindo alitamani kumsahihisha anavyoshika sindano, akajikaza.

Majibu yakatoka: damu tupu, seli hazikutosha kusema lolote. Wifi akatangaza ushindi, na mumewe akaanza kunong'ona kwamba labda Mungu ameshasema. Mama Pindo akawauliza kama nguo ikibana siku ya kujaribu, mtu huenda harusini uchi. Akarudi. Safari hii ilitumika sindano nene, ikatoa kinyama chembamba kama uzi.

Majibu ya pili: kifua kikuu cha tezi. Vidonge vya miezi, na kupona.

Mumewe akakaa chini kabla ya kutafuta kiti. Wifi, aliyekuja kuchukua vipimo vya gauni, akasema yeye tangu mwanzo alijua ni kitu kidogo. Mama Pindo akameza vidonge vyake vya kwanza, akavuta futi, akamwuliza apunguze wapi, kiunoni au mdomoni.