Kifungo cha Bibi Motria

Mtu akikuambia Rostyslav Hudyma hakuwa na wivu, huyo hajawahi kukanyaga ukumbi wa Stepovyk, timu ya mpira wa kikapu ya kiwanda chetu, pale Kremenchuk, Ukraine. Au aliingia akasinzia. Hudyma alikuwa na wivu wa kugawia mtaa mzima, na ukabaki wa kusindika kwenye chupa pamoja na matango.

Na haki ya kujivuna alikuwa nayo, tusimwonee. Alitoka kijijini Potoky, mrefu kama nguzo ya umeme, mwembamba kama waya wake. Kiwanda kikampa kazi ya jina tu na jezi namba kumi na moja, na kwa miaka mingi mji huu haukuimba jina jingine. Alikuwa anautupa mpira kwa mkono mmoja, juu kabisa ya kichwa, bega ndilo linaloangalia kikapu, na unaingia. Mimi niliona, usinibishie. Goti lilipomgomea, wakaitundika jezi yake ukutani, wakampa filimbi ya ukocha. Jezi ukutani ni kitu kitamu. Ubaya wake, haichezi.

Aliyekuwa akicheza sasa ni Yarema Koshovyi, kijana mpole mwenye masikio makubwa, na ukumbi ulikuwa unamwimba yeye. Wimbo uleule! Walitoa jina la Hudyma wakachomeka la Yarema, kama mtu anayebadilisha balbu.

Hata hilo angelimeza. Kilichomkaba ni kifungo.

Majumbani kwetu, mkesha wa mwaka mpya wa kalenda ya zamani, kinamama huchemsha vareniki, vijimfuko vya unga vilivyojazwa viazi, na kuficha mizaha ndani yake: moja ina kifungo, nyingine pilipili, nyingine chumvi tupu. Kila mtu anauma bahati yake. Bibi Motria, mpishi wa klabu, aliihamishia desturi hiyo kwenye kila mechi ya nyumbani. Atakayeuma kifungo ndiye mtu wa siku; anakitia ndani ya soksi na kuingia nacho uwanjani. Enzi zake Hudyma alikiuma mara nyingi hadi akawa anatamba kwamba kifungo chenyewe kinamtafuta. Tangu vuli iliyopita kilikuwa kinamtafuta Yarema.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, dhidi ya Mykolaiv. Wakishindwa wanashuka daraja, na kiwanda kilishasema hakilishi timu ya daraja la chini. Asubuhi Hudyma akatangaza kikosi.

"Yarema utakaa benchi."

Zenyk, msaidizi wake, akamvuta pembeni. "Kocha, una homa?"

"Nina mpango."

"Mpango gani? Wa kutuzika?"

Mpango wake ulikuwa mmoja tu: ashinde bila yule mwenye masikio, mji ujue timu hii ni ya nani.

Kabla ya chakula akanyata hadi jikoni. Bakuli lilikuwa linafuka moshi juu ya meza, na Bibi Motria amempa mgongo, anakaanga vitunguu. Hudyma akainama kuchungua. Vareniki zote zilikuwa zimebanwa kingo kwa vidole, isipokuwa moja, iliyosukwa kama nywele za binti. Moyo ukamlipuka. Kumbe alama! Kumbe kajuza huyu anampikia kipenzi chake! Akaidaka, akaitupa yote mdomoni, akatafuna.

Ilikuwa pilipili manga, kijiko kizima.

"Kunywa maziwa, Slavko," alisema Bibi Motria bila kugeuka, akimwita kwa jina lake la ujanani. "Yako dirishani, nimekutayarishia."

Hudyma alikunywa, machozi yanamchuruzika. "Umenitega!"

"Mwezi mzima unayakodolea macho mabakuli yangu kama paka. Ulitaka nifanyeje?"

"Kwa hiyo miaka yote ulikuwa unachagua!"

"Ulidhani kifungo kina miguu?"

Hapo Hudyma akavimba kidogo, pilipili na yote. "Basi mimi ulinichagua kwa sababu nilikuwa bora."

Bibi Motria akageuka, mwiko mkononi. "Bora alikuwa Hnat, yule mchezaji mwenzako. Hnat sikumpa hata siku moja, alikuwa analala kama gunia kabla ya mechi. Wewe ulikuwa unatapika. Chooni hapo nyuma ya ukuta, bomba umelifungulia tusikusikie. Kifungo nampa anayetapika."

Ndipo Hudyma akalisikia: nyuma ya ukuta, bomba lilikuwa linamwaga maji kwa nguvu zote.

"Tangu umwambie benchi," alisema Bibi Motria. "Anadhani ameharibu kitu." Akatoa kifungo kwenye mfuko wa aproni, akakiweka mezani.

Hudyma alikitazama kwa uchu. Kilikuwa kilekile cha koti, cha kahawia. Kukichukua kulikuwa rahisi. Kwenda nacho chooni ndiko kulimtoa jasho. Akagonga mlango.

"Yarema. Funga hilo bomba, maji ya watu."

"Nakuja, Kocha. Samahani, Kocha."

"Unaanza wewe. Shika. Bomba hilo nalijua mimi."

Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukapokea. "Kwani wewe Kocha ulikuwa unaogopa?"

"Mimi? Kamwe!" Akageuka kuondoka, akarudi. "Usinywe chai kabla ya mechi. Nyonya limau."

Mechi ilikuwa ya kubanana hadi sekunde za mwisho. Mpira ukamfikia Yarema, akakipa kikapu bega, akautupa kwa mkono mmoja, juu kabisa ya kichwa. Ukaingia. Ukumbi ukapasuka kwa ule wimbo, na Hudyma akapiga makofi huku kifua kinamwaka, na safari hii hakuweza kuisingizia pilipili.

"Mimi nilikuwa nautupa juu zaidi," alimwambia Zenyk.

"Ndiyo, Kocha."

"Tena nikiwa na goti moja."

"Hilo sasa uongo, Kocha."