Mikono ya Lakot Siku ya Mtihani

Asubuhi ya kwanza Lakot alipoingia darasani kama mwanafunzi, somo lilichelewa dakika kumi na mbili. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wamezoea kumpigia magoti kila walipomwona, kama binti wa Kiganda anavyomsalimu mkubwa wake. Kwa kuwa sasa alikuwa ameketi miongoni mwao, katika dawati la tatu kutoka dirishani, kila aliyeingia alimwendea, akapiga magoti sakafuni, akauliza habari za nyumbani, za mumewe mzee Opio na za kuku. Lakot naye, ambaye hakulelewa kuiacha salamu njiani, alizijibu zote hadi ya mwisho. Mwalimu Obura alisimama ubaoni, chaki mkononi, akingoja.

"Mama Lakot," alisema mwishowe, "mimi nimetoka Siaya kuja kufundisha kemia. Ningejua ni harusi, ningevaa suti."

"Nisamehe, mwalimu. Watoto hawa wamelelewa vizuri."

"Wamelelewa, sikatai. Lakini humu ndani wewe ni mwenzao. Sumayiya, simama! Huyo unayempigia magoti atafeli jaribio la Ijumaa kama wewe tu."

Darasa zima lilicheka, na Lakot alikuwa wa mwisho kunyamaza. Ijumaa ilipofika, Sumayiya hakufeli. Lakot alifeli.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa mtunzaji wa maabara ya shule ileile.

Shule ya Sekondari ya Bukatira imekaa juu ya kilima kidogo, kando ya barabara iendayo Ggaba. Ukisimama penye mlingoti wa bendera, upande mmoja unauona msikiti wa Kibuli, na upande wa pili unaliona ziwa, jembamba kama utepe. Waliianzisha wazazi, miaka michache baada ya uhuru: askari polisi, wauza samaki na makarani wa mjini waliochoka kuwaona watoto wao wakiivuka Kampala nzima kwa miguu. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja na paa la mabati lililovuja mahali pamoja tu, juu ya meza ya mwalimu. Baadaye serikali iliichukua shule, ikaongeza madarasa, ikaleta walimu wa kulipwa. Maabara peke yake ilibaki katika jengo lililokuwa ghala la kahawa, na hata leo mvua ikinyesha, harufu ya kahawa huinuka sakafuni ikachanganyika na ile ya amonia.

Ndani ya jengo hilo Lakot aliingia kwanza na ufagio. Alikuwa ameolewa na Opio, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, na waliishi kambini. Masomo yake yalikatikia kidato cha pili, kule Gulu, vita vilipofika. Shule ilifungwa, naye hakupata tena pa kuanzia. Mwaka wa kwanza alifagia. Mwaka wa pili aliosha vyombo. Kufikia mwaka wa sita, walimu wageni walikuwa wakimwuliza yeye tindikali ipi imezimuliwa na ipi bado, naye aliwajibu kwa kuitazama chupa tu. Bureti, ile mirija mirefu ya kioo yenye koki chini, alizijua moja moja kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake. Namba kumi na saba, kwa mfano, huvuja usipoizungusha koki robo zaidi.

Kisha bodi ya shule ilipata wafadhili wa kujenga jengo jipya la sayansi, na pamoja na jengo likaja sharti: atakayekabidhiwa funguo zake lazima awe na cheti cha kidato cha nne. Asiye nacho angehamishiwa stoo ya jikoni, kuhesabu magunia ya maharage. Mwalimu Mkuu, Bibi Namalwa, alimweleza Lakot jambo hilo kwa upole, huku akiisogeza kalamu mezani huku na huku.

"Jengo litachukua miaka miwili kukamilika," alisema.

"Na kidato cha tatu na cha nne," Lakot aliuliza, "ni miaka mingapi?"

Kalamu ikatulia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi alisoma, mchana aliosha vyombo, na jioni alirudi kambini na begi la mgongoni alilokuwa akilitumia mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Ochan. Ingawa kanuni za shule zilitaka kila mwanafunzi avae sare na kunyoa nywele ziwe fupi, Bibi Namalwa alitaka kumsamehe, Lakot akakataa. Alishona sketi ya kijani, akanyoa, na Opio alipomwona mlangoni alisimama kikakamavu akapiga saluti.

"Binti, wazazi wako wako wapi? Nataka kuleta posa."

"Toka hapa, mzee! Nina kazi ya nyumbani."

Wanafunzi walimgombania. Shule ilikuwa na nyumba nne za michezo, na Sumayiya, aliyekuwa kiongozi wa nyumba ya Korongo, alimwandikisha kabla wengine hawajaamka. Katika tamasha la ngoma la mwaka ule Lakot aliwafundisha kucheza ngoma ya Kiacholi, na Korongo ikashika nafasi ya kwanza. Katika klabu ya mdahalo alizungumza mara moja tu, kuunga mkono hoja kwamba wavulana wafundishwe kupika, na upande uliompinga ukashindwa. Kikundi chake kilipotakiwa kufanya mradi, kilitengeneza sabuni ya maji, kikawauzia wauza samaki wa Ggaba, ambao hadi leo huiita "sabuni ya bibi mwanafunzi."

Hisabati ilimtoa jasho. Historia aliipenda, kwa sababu nusu yake aliiona kwa macho. Kemia ya kuandika ilimsumbua mwaka mzima, kisha siku moja milinganyo ikaanza kufanana na vitu alivyokuwa akiviona kwenye bilauri siku zote, na toka hapo hakurudi nyuma. Kemia ya vitendo haikumtia hofu hata kidogo. Ni nani angemfundisha Lakot kushika bureti?

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hiyo ilimngojea palepale alipojiamini.

Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulifanyika mwezi wa Julai. Kazi ilikuwa kudondosha tindikali kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, hadi rangi ya waridi iliyomo katika chupa ipotee, kisha kusoma kipimo na kukiandika. Kila mtahiniwa alikuwa na meza yake na bureti yake. Lakot alimaliza wa kwanza. Aliandika majibu, akaiosha bureti yake, akaifuta, akaisimamisha. Kichwa chake kilikuwa bado kwenye swali la mwisho, lakini mikono ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini na saba ya kujua kwamba bureti moja ikiishaoshwa, hufuata ya pili. Alisogea hatua moja. Akafungua koki ya jirani yake, akamwaga kila kilichokuwemo, akaisuuza.

Jirani huyo alikuwa Byron, mvulana mrefu mwenye subira, ambaye alikuwa ameinama kunoa penseli ili aandike kipimo chake cha mwisho. Aliinuka, akaikuta bureti tupu, inameta kwa usafi.

"Mama," alisema polepole, "jibu langu lilikuwa humo ndani."

Mwalimu Obura, aliyekuwa msimamizi, hakufanya mzaha siku ile. Alimtoa Lakot chumbani na kumpa sifuri, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni. Jioni Bibi Namalwa alimwita ofisini.

"Mama, katika mtihani wa kweli, mtahiniwa akigusa kazi ya mwenzake, chumba kizima huweza kushukiwa. Tuna watoto sitini na wanne."

"Najua."

"Sikwambii uache. Nakuuliza kama unaweza kuizuia mikono yako."

Lakot aliitazama mikono yake juu ya sketi ya kijani. Ilikuwa na mabaka ya manjano ya tindikali ya zamani na kucha fupi. Hakuweza kuisemea. "Nipe hadi Jumatatu," alijibu. "Nikiona siwezi, nitalitoa jina langu. Afadhali nihesabu maharage kuliko niwaharibie watoto."

Byron alimkuta maabara akiosha vyombo vilevile vya mtihani, akatwaa kitambaa na kuanza kufuta.

"Mama, usilie."

"Silii. Ni amonia."

"Chupa ya amonia imefungwa. Sikia, nilikuwa nimezidisha matone, rangi ilishapotea zamani. Umeimwaga aibu yangu."

Lakot alicheka bila kutaka, akampiga na kitambaa cha maji.

Nyumbani alimweleza Opio yote. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, kama alivyozoea kumsikiliza kiongozi wa bendi.

"Katika gwaride la saa mbili," alisema, "unadhani nilikuwa napuliza dakika ngapi?"

"Mia na ishirini. Masikio yangu yanakumbuka."

"Ishirini na tano. Zilizobaki nilikuwa nahesabu. Mama Ochan, asiyejua kupuliza huharibu sauti yake, lakini asiyejua kunyamaza huharibu bendi nzima. Kunyamaza ni kazi, nayo hufundishwa. Kaa hapo."

Alimkalisha kwenye kiti cha mbao, mikono chini ya mapaja, kisha akaanza kuosha vyombo vya chakula. Alivifanyia vile ambavyo hakuna mke angeweza kuvumilia. Aliosha vikombe kwa maji baridi bila sabuni. Sufuria ya ugali aliipangusa kwa nje tu. Sahani aliziweka zimekodoa macho juu, maji yamejaa ndani.

Siku ya kwanza Lakot alistahimili dakika nne.

"Hesabu!" Opio alimwambia. "Usihesabu moja, mbili, tatu mpaka mia, utapotea. Sisi huhesabu hivi: moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne. Tatu, mbili, tatu, nne. Kichwa kikiwa na kazi, mikono hulala."

Jumapili alistahimili nusu saa, ingawa Opio aliuacha mfereji ukidondoka makusudi na kupiga mluzi wa wimbo wa gwaride. Jumatatu alimwambia Bibi Namalwa kwamba jina libaki. Zoezi halikukoma, liliendelea kila jioni hadi Oktoba, na kikombe kimoja tu ndicho kilichovunjika, nacho alikivunja Opio.

Mtihani wa kweli ulipokaribia, Lakot aliyakabidhi maandalizi yote kwa Phelister, mtunzaji wa maabara wa shule ya jirani, kwa kuwa mtahiniwa hawezi kujiandalia meza. Alipoingia asubuhi hiyo aliona chupa zimepangwa kinyume na mpango wake, ndogo nyuma ya kubwa. Akaziacha hivyohivyo, akaketi.

Alifanya kazi yake kwa utulivu. Mara tatu rangi ya waridi ilififia na kupotea kwa tone moja, na mara tatu vipimo vilikubaliana. Aliandika, akahakikisha, akaweka kalamu chini. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika thelathini na tano. Aliiingiza mikono chini ya mapaja.

Moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne.

Ndipo alipoisikia sauti. Kwenye meza ya pembeni, tone lilianguka. Kisha lingine. Hakuhitaji kugeuka: Phelister, asiyekuwa na habari, alikuwa amempa Byron bureti namba kumi na saba, na koki ilikuwa ikivuja. Kila tone lilikuwa linakiharibu kipimo cha kijana yule, na dawa yake ilikuwa ni kuizungusha robo, kitendo cha nukta moja, umbali wa mkono mmoja. Mabega ya Lakot yaliinuka yenyewe. Aliyashusha. Kumi na moja, mbili, tatu, nne. Chumbani mlikuwa na watoto sitini na wanne. Kumi na mbili, mbili, tatu, nne. Jasho lilimteremka nyuma ya sikio. Kumi na tatu.

Tone likaacha kuanguka.

Lakot alitazama mbele, ila pembe ya jicho lake iliona vidole virefu vya Byron juu ya koki, vikimaliza kuizungusha robo. Kijana akamwaga kila kitu, akaijaza bureti upya, akaanza tena bila haraka. Nani aliyemwambia habari za namba kumi na saba? Lakot akakumbuka: yeye mwenyewe, mwezi wa Julai, wakati Byron akifuta vyombo na yeye akisingizia amonia.

Kengele ilipolia, watahiniwa walitoka wakaacha vyombo mezani kama kanuni itakavyo. Saa nane, msimamizi alipokwisha kuondoka na karatasi zake, nyumba nzima ya Korongo ilirudi na ndoo. Sumayiya alimwekea Lakot kigoda katikati ya maabara.

"Kaa, nyabo," alisema, akimwita 'bibi' kwa Kiganda. "Leo tunaosha sisi."

"Hiyo pipeti haijasuuzwa vizuri, Sumayiya."

"Hesabu, Mama! Mzee Opio ametuambia kila kitu."

Matokeo yalitoka Februari. Hisabati alipata D, akaibusu karatasi. Historia B. Kemia A. Byron naye alipata B ya kemia, na alidai mbele ya watu wote kwamba ile A ingekuwa yake kama bureti yake isingemwagwa Julai.

Muhula mpya ulipoanza, Bibi Namalwa alimkabidhi Lakot funguo sita za jengo jipya, mbele ya bodi. Lilinukia rangi, wala halikunukia kahawa hata chembe. Somo la kwanza lilikuwa la kidato cha kwanza. Baada ya somo, msichana mdogo aitwaye Zubaida alibaki nyuma akiiosha bureti yake, akiishika vibaya, maji yakimwagika mpaka kwenye viatu. Lakot alisimama karibu naye. Mikono aliiingiza katika mifuko ya koti jeupe, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Na alipofika pigo la tisa, Zubaida akaigeuza bureti mwenyewe, upande ulio sawa.