Fundi wa Kubaki

Siku ambayo Wankuru alirushwa na nyati naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku nilipoacha kuamini kwamba kuni ni kitu cha bure.

Wewe umezaliwa hapa Nyamisangura, mjini Tarime. Mkaa unauzwa pale barabarani, na mtungi wa gesi bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Mimi niliolewa Ringwani, upande wa Serengeti, na enzi hizo mwanamke alisifiwa kwa ukubwa wa mzigo wa kuni aliorudi nao. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda mbali, kuelekea mpakani mwa hifadhi. Wankuru alikuwa jirani yangu, tumeolewa mwaka mmoja. Tulikuwa tunafunga mizigo yetu nyati akatoka kichakani. Mimi niliwahi kupanda mti. Yeye alikuwa ameinama anakaza kamba. Hakufa, ila nyonga ilivunjika, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo.

Sisemi haya ili utuhurumie. Nasema ili ujue tulianzia wapi.

Baada ya hapo afisa mifugo wa kata, kijana wa Iringa aliyepangiwa kwetu, alihangaika huku na huku mpaka akapata fundi wa kujenga mtambo wa biogesi. Wakachagua kuujenga nyumbani kwa baba mkwe wangu, Mzee Magige, kwa kuwa zizi lake lilikuwa na ng'ombe wengi. Mtambo wenyewe ni shimo lililojengewa kwa tofali na saruji, juu limefunikwa kwa kuba. Unakoroga samadi na maji, unamimina, inachachuka humo ndani, na gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni. Mzee Magige aliruhusu shimo lichimbwe, maana afisa yule aliwahi kumtibia dume lake. Lakini alituambia mapema, "Chimbeni. Ila mimi sitakunywa chai iliyochemshwa kwa mavi."

Moto ulipowaka, wanawake wa kitongoji walijaa jikoni kwetu. Ulikuwa wa bluu, mtulivu, hauna moshi. Mmoja alisogeza uso karibu kabisa, akawa anafumba na kufumbua macho kama anayejaribu kuona kama yatamwasha. Tulichinja mbuzi. Fundi alikula, akatushukuru, akapanda basi akaenda zake.

Mvua za kwanza zilipofika, moto ukaanza kukohoa. Unawaka, unazima, unawaka, unazima. Mwishowe ukazima kabisa. Afisa mifugo alipanda kilimani kutafuta mtandao akampigia fundi. Fundi akasema yuko mbali, akipata nafasi atakuja. Hakuja. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa na kazi mikoa mingi na mikono miwili. Sisi nasi tukaacha kumimina samadi, kuku wakawa wanaota jua juu ya kuba, na watu wakasema mambo ya wageni huondoka na wageni. Tukachukua kamba zetu tukarudi porini.

Ukapita muda, ikaja habari kwamba Tarime kutakuwa na mafunzo ya ufundi wa mitambo hiyo na ya umeme wa jua, na kata yetu imepewa nafasi chache. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Wanaume wakataja majina ya vijana: Chacha, mtoto wa mwenyekiti, na wengine waliomaliza sekondari. Walikuwa vijana wazuri, hakuna aliyepinga.

Ndipo mama mkwe wangu, Bhoke, akasimama. Kwetu mwanamke hakuwa na desturi ya kusimama katika mkutano wa namna ile, na wazee walitazamana.

"Yule fundi wa kwanza alikuwa na kosa gani?" aliuliza kwa Kikurya.

"Hakuwa na kosa," mwenyekiti alijibu. "Ila hakurudi."

"Basi kwa nini mnachagua tena watu wa kuondoka? Chacha akipata ujuzi ataupeleka Mwanza, na ni haki yake. Mpelekeni. Lakini mpelekeni pia mtu ambaye sufuria yake iko juu ya moto huo. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake."

Wakamuuliza ni nani huyo. Akaninyooshea mkono mimi.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilisema nimeishia darasa la saba, nina mtoto anayenyonya, hesabu sizijui, na watu wenye elimu wapo. Nilisema tungoje, pengine serikali italeta fundi mwingine. Mama mkwe alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema mbele ya watu wote, bila kupandisha sauti, akiniita kwa jina la mume wangu, "Mke wa Marwa, Wankuru yuko pale kwenye mkeka. Mwambie yeye hilo neno, kwamba tungoje."

Nilimtazama Wankuru. Hakunitazama. Nikasema nitakwenda.

Hilo ndilo karipio ninalolikumbuka kuliko yote niliyopata ujanani. Na yule mama hakuishia kwenye maneno. Alifunga kitenge, akambeba mtoto wangu, tukaja naye Tarime tukapanga chumba hapa hapa Nyamisangura. Mimi nikiwa darasani, yeye anakaa nje ya uzio na mtoto. Akilia anamleta nimnyonyeshe, kisha narudi kwenye saruji. Vijana walicheka siku za mwanzo, halafu wakazoea. Chacha mwenyewe ndiye aliyenielekeza hesabu za kupima shimo, na mimi nikamfundisha kuujua uji wa samadi kwa mkono, kwamba huu ni mzito na huu unatosha. Ujuzi ni kama moto, jirani akija kuuchukua wako haupungui.

Niliporudi Ringwani nilianza na ule mtambo wa nyumbani. Mafunzoni nilijifunza kwamba gesi hutoka na unyevu, na unyevu hugeuka maji ndani ya bomba. Bomba letu lilikuwa limelala kidogo katikati, maji yakakusanyika pale yakaziba njia. Nilikata, nikayamwaga, nikaweka koki ndogo ya kuyatolea. Maji yenyewe yangejaa kikombe. Kwa kikombe kile cha maji sisi tulikuwa tumerudi porini, na kitongoji kizima kilikuwa kimekata tamaa.

Lakini moto haukuwaka siku hiyo, wala juma hilo. Mtambo ulikuwa na njaa. Ilibidi niulishe samadi na maji kila asubuhi na kungoja, na Mzee Magige alikuwa akipita ananiuliza kama mgonjwa wangu ameanza kula. Nilivumilia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asubuhi moja nilifungua jiko, nikawasha kiberiti, moto ukashika na ukabaki.

Mama mkwe alichemsha chai, akaipeleka nje kwa mumewe.

"Imechemshwa wapi hii?" Mzee Magige aliuliza.

"Jikoni kwangu. Kama ya miaka yote."

Akainusa. Akanywa kidogo, akakaa, akanywa yote. Kisha akanyoosha kikombe. "Ongeza," alisema. Tangu siku hiyo hakuwahi kulizungumzia jambo lile tena, nasi hatukumkumbusha.

Majirani wakaanza kuniita. Nilijenga Ringwani, nikajenga na katika vijiji vya jirani, na tope linalotoka kwenye mtambo likawa mbolea ya bustani zetu. Wankuru hakuweza tena kubeba wala kulima, lakini mikono yake ilikuwa mizima. Nilimletea fundi wa kuchomelea akamfundisha kuunda majiko ya gesi hiyo, kazi ya kukaa. Alikuwa mgumu wa kusifia kazi yake na ya wengine, na majiko yake hayavuji.

Kisha watu wa ng'ambo ya mto wakatuma ujumbe niende kwao. Ukoo ule tulikuwa na ugomvi nao wa ng'ombe tangu enzi za babu zetu. Wanaume wa kwetu walikataa. Walisema hatuwezi kuwawashia moto watu waliotuibia. Mama mkwe aliwauliza swali moja tu: "Mvua ilipokatika mwaka jana, ilikatika kwao ikatunyeshea sisi?" Wakaacha kubisha. Nilikwenda, na huko nikafundisha wasichana wa kwao, nikawaambia wasinisubiri tena. Leo wana kazi hadi Sirari, mpakani na Kenya.

Sitakudanganya, mwanangu, kwamba kila kitu kilinyooka. Ukame ulikuja, ng'ombe wakafa, mitambo mingine ikakaa kimya na mingine haikuamka tena. Chacha alikwenda Mwanza kweli, anafunga umeme wa jua, na ameajiri vijana wengi. Simlaumu, anayeondoka naye hulisha watu. Mama mkwe alifariki akiwa mzee sana, tukamzika Ringwani. Mimi nilihamia huku mume wangu alipopata kazi, nikaendelea kujenga mpaka magoti yalipokataa.

Sasa nawaona ninyi. Paneli zimejaa juu ya mabati, pampu za jua zinavuta maji mashambani, na nasikia pikipiki za umeme nazo zinakuja. Ni vizuri. Lakini kila kitu kipya kinapofika hapa, watu wanapiga makofi na kupiga picha, na mwaka unaofuata nakikuta kimefunikwa gunia.

Basi nakuambia hivi. Kitu kipya kikiletwa, kabla hujakisifia uliza kikiharibika nani atakitengeneza, na huyo mtu analala wapi. Ukiambiwa hayupo, usigeuze shingo kumtafuta. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Jifunze wewe, hata kama uliishia darasa la saba, hata kama una mtoto mgongoni. Ukishajifunza usiufungie ujuzi ndani ya ukoo wako, maana jua hili linalotuunguza halichagui ukoo. Na ukiwa mkubwa, ukaona msichana anajificha nyuma ya wenzake mkutanoni, mnyooshee mkono, halafu umbebee mtoto wake. Kumtaja tu hakutoshi.

Haya, nimesema ya kwangu. Mungu akupe mikono isiyochoka upesi na moyo usioona aibu kuuliza. Kazi yako iwe na wateja, na nyumba yako iwe na watu wa kula ulichokichuma. Uwafundishe wengi, na uishi uwaone nao wakifundisha.